Mwali Haambiwi Msiba

Shangazi yangu Sikudhani hakuwa na kipaji cha kuficha habari. Pale Dutumi walimpachika jina la Redio Mbao, jina wanalopewa wambeya, na tangu utotoni jina hilo lilinikera sana. Mbeya huongeza chumvi. Shangazi hakuongeza chumvi ya kutosha hata kwenye mchicha, sembuse kwenye maneno. Alilisema jambo lilivyo, akamwambia yule ambaye linamhusu, kisha akaendelea kupepeta mchele wake. Sasa huyo ni mbeya wa wapi?

Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne. Baba yangu, Kondo, aliendesha lori la tajiri mmoja wa Mlandizi, leo mkaa, kesho mahindi. Shangazi Sikudhani alikuwa mdogo wake, aliyeachika mapema akarudi kukaa kwa kaka yake. Bi Zubeda, dada mkubwa wa marehemu mama yao, ndiye aliyewalea, na alikuwa kungwi wa kijiji kizima: hakuna msichana aliyevunja ungo Dutumi asipite mikononi mwake. Wa nne ni mimi, Mboni. Mama yangu aliachana na baba nikiwa mdogo, akarudi kwao Vihingo, upande wa Kisarawe, nami nilikuwa nikienda kwake wakati wa likizo. Bibi mzaa baba sikumkuta. Niliambiwa tu kwamba alifariki mwaka wa Uhuru, basi, na mtoto akishaambiwa "basi" hujua pa kuishia.

Habari kubwa za nchi tulizipata kwa redio, lakini sisi watoto tulizipata kwa nyuso. Kipindi kilikatika ghafla, zikaanza nyimbo za huzuni, wakubwa wakatazamana, na mmoja wao akatugeukia: "Nyie watoto, nendeni mkacheze." Nani aliyewahi kufukuzwa akacheze kwa heri? Tulikwenda, tukasimama nyuma ya jiko na mpira wetu wa makaratasi, hakuna aliyeupiga.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa sabini na nane, nikiwa darasa la pili. Wakubwa walikuwa wamekaa barazani, na sisi tuko nyuma ya jiko na mpira wetu. Shangazi akaja, akachuchumaa, akatuambia:

"Nduli Amini ameingia nchini kwetu, kule Kagera. Ameua watu. Wanajeshi wetu wanakwenda kumtoa. Huko ni mbali na hapa, hata gari la baba yake Mboni halijawahi kufika. Mwenye swali aulize."

Nikauliza, "Shangazi, atafika hapa?"

"Nadhani hafiki. Lakini sijui."

Naikumbuka ile "sijui" kuliko hotuba yoyote niliyosikia baadaye. Mtu mzima aliyetuambia hajui, tulimwamini pale aliposema anajua. Tulirudi kucheza, tukacheza kweli.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomtia matatani. Jirani yetu Mwalimu Fabian alikuwa mtu wa Kagera, na mkewe Laurensia kwao ni Kyaka, hapohapo palipovamiwa. Laurensia alikuwa mjamzito. Wazee wakakaa na Mwalimu, wakakubaliana mama huyo asiambiwe mpaka ajifungue. Mwalimu akatoa betri kwenye redio yake, akamwambia mkewe zimekwisha, na kwa kuwa betri zilikuwa adimu kama sukari, akaaminiwa. Kijiji kizima kikaanza kumchekea Laurensia. Kisimani wanawake walimtwisha ndoo yake kwa upole wa ajabu, wakamsifu nywele, wakamsifu tumbo. Naye, maskini, akawa anafurahi, anasema watu wa Pwani wana mapenzi.

Shangazi aliivumilia hali hiyo siku mbili tatu, kisha ikamshinda. Nilikuwa naye kisimani. Akaweka ndoo chini, akamshika Laurensia mkono, akamwambia kila alichosikia, na alichokuwa hajakisikia akamwambia hajakisikia. Laurensia alikaa palepale kwenye tope. Alilia, kisha akauliza swali moja: "Daraja limevunjwa?" Shangazi akasema ndiyo, redio imesema. Basi Laurensia akainuka akaenda nyumbani, akamdai mumewe betri.

Shangazi alisemwa wiki nzima. Mzee Mwinyijuma, balozi wetu wa nyumba kumi, alimwita akamwambia ulimi hauna mfupa lakini wake umezidi. Bi Zubeda alikuwa mkali kuliko wote.

"Na mimba ile ingeharibika? Ungesema nini?"

"Alikuwa anacheka na sisi, mama, na kwao kunaungua," shangazi akajibu. "Mimi ningemwangaliaje usoni?"

Mimba haikuharibika. Alizaliwa binti, akaitwa Justa, na baadaye ikajulikana kwamba wazazi wa Laurensia walikimbia kwa miguu wakasalimika. Tangu siku ile Laurensia hakumwita shangazi kwa jina jingine ila "dada". Wengine wote pale kijijini, waliomsifu nywele, aliwasalimia tu.

Lakini hata mtu wa namna hiyo alikuwa na jambo lake moja alilolifunga. Kila tarehe tisa Desemba, kijiji kizima kikiwa uwanjani mbele ya ofisi ya chama, na sisi wanafunzi tumevaa sare tunaimba, shangazi alichukua jembe akaenda mahame. Mahame ni kule tulikokaa zamani, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Palibaki minazi na makaburi. Alikwenda kupalilia kaburi la mama yake. Kwa nini siku hiyo na si nyingine? Mzee Mwinyijuma alimshuku kwamba anaipinga serikali, akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilipomuuliza aliniambia, "Nina shughuli zangu, Mboni," akanipa kisogo. Iliniuma. Anayeweza kumwambia Laurensia habari za Kyaka, ananificha mimi nini?

*

Nilimaliza darasa la saba mwaka wa themanini na tatu, na Januari iliyofuata nikavunja ungo. Bi Zubeda akaniweka ndani.

Siku hizi mabinti zangu wakinisikia nasema "niliwekwa ndani" wanadhani polisi. Kwetu mwali hukaa chumba cha ndani, haoni jua, hasemi kwa sauti, haonekani na mwanamume yeyote hata baba yake, mpaka atakapochezewa ngoma na kutolewa nje. Zamani ilikuwa mwaka na zaidi. Wakati wetu ilishapunguzwa. Mimi niliambiwa nitatoka mpunga ukishavunwa. Kidirisha kilizibwa kwa kipande cha jamvi. Nikitaka kitu napiga kofi, na anayeingia ni Bi Zubeda, aliye kungwi, au shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu, wa kunifundisha na kunihudumia.

Siku ya kwanza Bi Zubeda alitaja masharti yake. La mwisho ndilo aliloligongea fimbo sakafuni: mwali haambiwi msiba. Habari ya kifo ikimfikia mwali akiwa ndani humkausha, alisema. Hazai, au akizaa hazikwi na watoto wake. Afe nani, afe nani, mwali ataambiwa siku ya kutoka. Kisha akamgeukia shangazi mbele yangu.

"Na wewe, Redio Mbao. Humu ndani uifunge. Ukivunja sharti hili hutotoa mwali mwingine katika ukoo huu."

Shangazi aliinamisha kichwa. Nilishangaa kumwona amegeuka rangi, lakini nilidhani ni heshima.

Sikuteseka, nisiseme uongo. Nilikula, nikanenepa, nikang'aa. Masikio nayo yalinoleka. Nilimjua kila jirani kwa mchi wake. Na baba, kwa kuwa haruhusiwi kuniona, alibuni salamu yake: kabla ya kwenda safari alipita nyuma ya ukuta wa chumba changu akakohoa kikohozi cha uongo kabisa, hata kuku walikitambua. Mimi nikapiga kofi. Akirudi, vilevile: kikohozi, kofi. Bi Zubeda alijifanya hasikii. Na mimi niliishi kwa kile kikohozi.

Jumatano moja ya Aprili, masika yamechachamaa, baba alikohoa alfajiri. Anakwenda Gairo kuchukua vitunguu, mbele ya Morogoro kwenye njia ya Dodoma. Shangazi aliniambia atarudi kesho yake jioni.

Kesho yake jioni mvua ilikuwa imepungua. Niliwasikia watu wakipita kwenda kwa Mwalimu Fabian, ambako redio ilikuwa na betri nzima. Ya kwetu ilishakufa. Shangazi na Bi Zubeda nao walikwenda. Kisha nikasikia kimya. Si kimya cha kawaida. Hata mchi wa upande wa pili ulisimama. Halafu akalia mwanamke mmoja, halafu wengi. Watu wakaanza kupita mbio nyuma ya ukuta wangu, na maneno yakaniingilia vipande vipande: gari, njia ya Morogoro, amefia palepale, jamani, mtu mwema vile. Na juu ya sauti zote nikaisikia moja ninayoijua, Bi Zubeda, analia.

Bi Zubeda hakuwa mtu wa kulia. Nilipiga kofi. Hakuja mtu. Nikapiga tena na tena mpaka viganja vikaniwasha.

Mwishowe mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Zubeda na bakuli la uji. Alikuwa amenawa uso. Nililiona hilo hata kwenye giza la kibatari. Maji yalikuwa bado kwenye nyusi.

"Nani kafa?" nikanong'ona.

"Hakuna kitu. Kula uji wako."

"Baba amerudi?"

"Kula uji, mwali."

Akatoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yangu amekufa. Si kwamba nilidhani, nilijua. Gari, njia ya Morogoro, saa zake za kurudi, Bi Zubeda amenawa uso, na sharti la kwamba mwali haambiwi msiba. Kama asingekuwa wa kwangu, wangenificha kwa nini? Wangemzika kesho, hatua chache kutoka kwenye ukuta wangu, wangerudi wakale matanga, na mimi ningeendelea kuletewa uji na kuambiwa nimenenepa mpaka mpunga uvunwe. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, wala sijawahi kuwachukia watu hivyo. Nikataka kulia, nikaona hata kilio sina haki nacho, maana sijaambiwa.

Nikasimama. Nikajifunga kanga, nikaenda mlangoni. Mwali akitoka mwenyewe ni aibu isiyofutika. Baba yake huchekwa, kungwi wake hupigwa marufuku, naye mwenyewe husemwa mpaka uzeeni. Nikasema, baba wa kuchekwa yuko wapi? Nikatia mkono kwenye komeo.

Mlango ukafunguka kutoka nje. Ni shangazi. Alinitazama nilivyosimama, mkono wangu ulipokuwa, akaelewa yote.

"Subiri," akasema. "Nakuomba unisubiri kidogo tu. Usivuke."

Akaondoka mbio. Nikaisikia sauti yake kwa Mwalimu Fabian, kisha sauti ya Laurensia ikisema, "Chukua, dada, chukua." Kisha nikamsikia Bi Zubeda amemzuia ukumbini.

"Unakwenda wapi na hilo dude?"

"Kwa mwali."

"Sikudhani! Unataka kumkausha mtoto?"

"Ameshakauka, mama. Nenda ukamwangalie."

"Nilikwambia ukivunja sharti..."

"Nimesikia. Sitatoa mwali mwingine. Huyu mmoja naomba nisimpoteze."

Akaingia na redio ya Mwalimu chini ya kanga yake isilowe, akaiweka juu ya mkeka, akakaa mbele yangu, akaifungua. Zilikuwa nyimbo za maombolezo. Kisha wakarudia tangazo. Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, amefariki dunia kwa ajali ya gari, akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam.

Nitasema jambo ambalo si zuri. Nchi nzima ilikuwa inalia, na mimi nilifurahi. Nilishika uso kwa mikono miwili, nikahisi damu inarudi. Baadaye nilimlilia yule bwana kama watu wengine, lakini dakika ile ya kwanza nilifurahi, na shangazi aliona na hakunikemea.

Kisha akaipunguza sauti.

"Umesikia aliyekufa. Sasa sikiliza na la pili. Baba yako hajarudi. Hatujui kwa nini. Njia ni hiyohiyo na mvua ni hiihii, na mimi mwenyewe nina wasiwasi. Lakini hakuna mtu aliyekuja na habari mbaya. Ikija, nzuri au mbaya, mimi ndiye nitakayekuletea, na nitakuletea hapohapo. Sitanawa uso kwanza."

Nilimwegemea. Angeweza kuniambia baba yuko salama, analala Chalinze, atakuja kesho. Ndivyo watu wema wanavyosema. Ningemwamini? Nisingemwamini hata chembe. Ile "sijui" yake niliishika mpaka usingizi ukanichukua.

Niliamka nikamkuta palepale, amekaa macho, redio imezimwa kuokoa betri. Mwanga ulishapenya kwenye jamvi la kidirisha. Kisha, nyuma ya ukuta, tukasikia kikohozi. Cha uongo kabisa.

Sikupiga kofi. Nililia kwa sauti, sauti yote niliyokuwa nimeiweka tangu Januari, na uwanja mzima ukasikia mwali analia. Shangazi akatoka mbio, akamshika baba, na badala ya kumpelekea chai akamsimamisha palepale ukutani.

"Sema naye, kaka. Kukohoa hakutoshi leo."

Akasafisha koo, kweli safari hii. "Mwanangu," akasema, "tairi lilipasuka Chalinze. Kupata jingine ilikuwa kazi. Vitunguu vyote vimenyeshewa." Kisha akaongeza, "Lakini mimi sijambo."

Mpaka leo nikisikia harufu ya vitunguu vilivyolowa, moyo wangu hutulia.

*

Shangazi aliporudi ndani alikaa chini kama mtu aliyebeba mzigo toka mbali. Nikamwambia asante. Akatikisa kichwa, na bila mimi kumuuliza, akalifungua lile jambo lake moja.

"Mimi nilikuwa ndani wakati wa Uhuru," akasema. "Chumba kama hiki, kule mahame. Nilikuwa mkubwa kama wewe. Niliwasikia wanajiandaa, wanasema bendera ya mkoloni inashuka. Nilitamani kutoka nikaone, lakini mwali atatokaje? Usiku wenyewe nikasikia ngoma na vigelegele, na katikati yake nikasikia kama kilio. Nikapiga kofi. Akaingia Bi Zubeda na uji. Nikamuuliza, nani analia? Akaniambia, hizo ni shangwe za Uhuru, watu wanalia kwa furaha. Nikaamini. Nikafurahi na mimi, peke yangu gizani. Nikapiga na kigelegele kidogo."

Mimi nilikuwa nimeshajua, na nilitamani asiendelee.

"Siku ya kutoka nikabebwa mabegani, nimepakwa mafuta, nimevaa shanga. Nikamtafuta mama kwa macho kwenye watu wote wale. Nikainama nikamuuliza aliyenibeba, mama yangu mbona simwoni? Akasema, mama yako si alikufa siku ya Uhuru? Alidhani nimeshaambiwa. Na ngoma inaendelea, Mboni. Nikachezeshwa juujuu mpaka jioni. Mpaka leo hakuna aliyekaa chini akaniambia mama yako amekufa. Nilikuta tu hayupo."

Nikamshika miguu. Hatukujua kama Bi Zubeda amesimama mlangoni, na bakuli la uji mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliliweka bakuli chini, akaondoka.

Tangu siku ile wawili hao hawakusemezana. Bendera zilipandishwa tena mpaka juu, nyimbo za kawaida zikarudi redioni, masika yakaisha, mpunga ukavunwa, na ndani ya nyumba yetu bibi na mwanawe walipishana ukumbini kama wapangaji. Baba alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Mtu anayeongea kwa kukohoa hapatanishi watu. Mimi niliumia, kwa sababu walinuniana juu yangu. Na nilikuwa na hofu: siku ya kutoka, nani atanishika mkono? Bi Zubeda hasemi maneno yake hovyo, na alishasema shangazi hatatoa mwali.

Agosti ikafika. Mama yangu alikuja kutoka Vihingo na ndugu zake, ngoma zikawekwa juani zikaze ngozi, wanawake wakajaa uwanjani. Laurensia alikuwepo, amemleta na Justa. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi. Alinipaka mafuta, akanivisha shanga. Kabla mwali hajatoka, kungwi humkalisha chini akamweleza yaliyotokea wakati hayupo: waliozaliwa, walioolewa, waliokufa. Ndiyo desturi.

Bi Zubeda akaingia, akakaa kwenye kigoda. Akanitazama.

"Wewe sina la kukwambia," akasema. "Unayajua yote." Kisha akageuka. "Sikudhani. Kaa kitako."

Shangazi alidhani anafukuzwa. Akakaa polepole kwenye mkeka kando yangu.

Bi Zubeda akavua kilemba chake, akakiweka magotini. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Nina habari," akasema. "Nimechelewa nayo. Mama yako amefariki."

Akaushika mkono wa shangazi.

"Amefariki kwa uzazi, siku ya Uhuru, na kichanga hakupona. Alikuwa mdogo wangu; mimi ndiye niliyemshika. Alikuulizia. Aliniuliza, mwali wangu anakula? Nikamwambia anakula, amenenepa. Akacheka. Hakusema tena. Ile sauti uliyoisikia, Sikudhani, ilikuwa yangu. Nilinawa uso nikakuletea uji. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na walionitangulia, kwamba ukisema mtoto atakauka. Nikaogopa nisikupoteze na wewe. Pole, mwanangu. Mama yako amefariki."

Shangazi akalia. Si kilio cha mtu wa makamo anayekumbuka. Kilikuwa kilio cha msichana aliyeletewa habari sasa hivi. Aliita mama, mama, akajitupa kwenye mapaja ya Bi Zubeda, na bibi kizee naye akalia, safari hii bila kunawa uso.

Nje ngoma zilisita. Mama yangu akaja mpaka mlangoni, akauliza kwa woga, "Jamani, kuna nini humo? Nani kafa?"

Wenyewe walikuwa bado wanalia. Nikasimama na shanga zangu na mafuta yangu, nikafungua mlango mimi mwenyewe, jua likanipiga usoni.

"Bibi yangu," nikasema kwa sauti wote wasikie. "Mama yake shangazi. Amefariki."

Wakatazamana. Laurensia ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akafunga kanga yake kichwani, akaingia ndani kutoa pole. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na wapigaji wakalaza ngoma zao chini, wakasubiri.